Ngadji: Thamani ya Ngoma Iliyonyamazishwa

Ngoma nyingi za pwani hupigwa, kwa kiganja au kwa kirungu. Ngadji ya Wapokomo ilisuguliwa. Ni gogo lililochongwa likawa wazi ndani, likawambwa ngozi, na sauti yake hutokana na msuguano. Ngoma za namna hiyo huwa na kitu chembamba, ukambaa au ufito, kilichoshikamana na ngozi katikati, na fundi mwenye mikono iliyoloweshwa hukivuta kikiteleza viganjani, taratibu, kama mtu anayekama. Ngozi hutetemeka, gogo hupokea, na kinachotoka hakifanani na mdundo hata kidogo. Ni ngurumo nzito inayopanda na kushuka bila kukatika. Usiku, maji ya Mto Tana yakiwa yametulia kwenye kona zake, ngurumo ya namna hiyo husafiri mbali sana, na asiyejua huweza kudhani ni simba au radi. Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Mtu asiyekuwa wa Kijo, chama cha wazee walioilinda, aliweza kuisikia Ngadji maisha yake yote asiione hata siku moja.

Kijo kilikuwa nguzo ya utawala wa Wapokomo. Hawa ni wakulima na wavuvi wanaoishi kingo zote mbili za mto, kutoka sehemu za kaskazini mwa Hola hadi delta iliyo chini ya Garsen, kwenye vijiji kama Ngao na Golbanti, na kilimo chao hufuata mto: ukifurika wanasubiri, ukipwa wanapanda mpunga, ndizi na mahindi kwenye tope lililobaki. Jamii iliyotandazwa hivyo, kijiji baada ya kijiji kama shanga kwenye uzi, hairahisishi kazi ya mtawala anayetaka kutuma askari. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa Gasa, na ndani ya uzee huo wachache waliopandishwa daraja wakaingia Kijo, walinzi wa Ngadji. Sauti yake iliita watu kwenye ibada, ilitangaza kusimikwa kwa kiongozi, na iliupa uamuzi wa wazee uzito ambao maneno matupu yasingeupata. Kwa hiyo tukiuliza Ngadji ilikuwa na thamani gani kabla ya kuchukuliwa, jibu halimo katika fedha. Ilikuwa kwao kama muhuri wa serikali.

Serikali nyingine iliufahamu muhuri huo. Waingereza waliipiga Witu kwa mizinga mwaka 1890, na mwaka 1895 wakatangaza himaya yao ya Afrika Mashariki, bonde la Tana likiwa ndani yake. Wamisionari walikuwa wametangulia: Wamethodisti walikuwa Golbanti tangu 1885, na Wajerumani wa Neukirchen wakafungua kituo chao Ngao mwaka 1887. Katika miaka ya mwanzo ya utawala huo mpya Ngadji ikatwaliwa na maofisa, na tangu mwaka 1908 imo katika mali ya British Museum mjini London, ghalani, huku neno linaloeleza namna ilivyofika huko likiwa ni kwamba ilitolewa zawadi. Neno hilo linastahili kutafakariwa kidogo. Zawadi hutolewa na mwenye mali, na ofisa aliyeikabidhi hakuwa mwenye mali kwa kipimo chochote ambacho Mpokomo, Mwislamu wa Lamu au hata hakimu wa Kiingereza wa zamani zile angekikubali kwa mali ya nyumbani kwake. Wala haikuwa bahati mbaya ya mahali pamoja. Mwaka 1909 ilitungwa sheria ya uchawi ambayo chini yake mila nyingi za wazee zingeweza kuitwa jinai, na mwaka 1914, kusini kidogo ya hapo, Kaya Fungo ya Wagiriama ililipuliwa kwa baruti wakati wa upinzani unaokumbukwa kwa jina la Mekatilili wa Menza. Watawala walijua kwamba mzee bila mahali pa kulisha kiapo na bila kitu cha kukisimamia ni mzee tu.

Leo ulimwengu wa wakusanyaji una swali lake ambalo hurudi kila soko linapotikisika: je, ala kuukuu za muziki zitashika bei? Wanaouliza kwa sauti kubwa zaidi ni wakusanyaji wa magitaa ya Marekani ya miaka ya 1950 na vipaza sauti vyake. Swali lao laonekana kuwa mbali na Tana, lakini naona ni swali lile lile la Ngadji, na majibu yake yanaangaza pande zote mbili. Hoja yangu ni kwamba ala ya muziki haina thamani inayokaa ndani ya mbao zake. Thamani yake hukaa kwa watu wanaoijua sauti yake na habari zake, na huishi muda wa watu hao. Ukiwatenga na ala, kinachobaki mkononi mwa mkusanyaji ni dai la kumbukumbu ya mtu mwingine, na dai hilo hupungua kila mwaka usiolipwa.

Tazama gitaa la Gibson Les Paul la rangi ya machweo, lililotengenezwa kati ya 1958 na 1960. Hayakufika 2,000, na sababu ya uchache wake ni kwamba wanunuzi hawakuyataka. Kampuni ikaliacha umbo hilo na kuleta jingine. Mbao zilikuwa zile zile na nyaya zile zile, na hazikuwa na thamani yoyote ya ajabu. Kisha vijana wa Uingereza na Marekani wakayaokota kwa bei ya chini, Eric Clapton akarekodi na mojawapo mwaka 1966, na masikio ya kizazi kizima yakafunzwa kuipenda sauti hiyo. Leo moja huuzwa kwa laki kadhaa za dola. Mwaka 2019 gitaa jeusi la David Gilmour liliuzwa kwa dola 3,975,000, na mwaka 2020 gitaa la Martin ambalo Kurt Cobain alilipiga kwenye onyesho la televisheni mwaka 1993 likauzwa kwa zaidi ya dola milioni 6. Ondoa mpigaji, na gitaa lile la Martin ni mbao nzuri ya mwaka 1959, basi. Ndiyo maana wakusanyaji wenye busara wana hofu: walioisikia miziki hiyo wakiwa vijana sasa ni wazee, na hakuna anayejua kama wajukuu wao watajali. Hofu hiyo yenyewe ni ushahidi. Hakuna anayehofia kwamba mbao zitaoza. Wanahofia kwamba masikio yatafungwa.

Mkusanyaji atanijibu kwamba uasilia wa kitu una bei yake, na ni kweli sokoni. Gitaa kuukuu lililopakwa rangi upya hupoteza sehemu kubwa ya bei, pengine nusu. Skrubu ikibadilishwa, lehemu ikiguswa, mnunuzi hushika kioo cha kukuzia na kupunguza. Lakini linganisha na adabu ya ngoma. Kiswahili kina neno kuwamba, na neno hilo ni kazi ya kurudiwa. Ngozi hupasuka, hulegea kwa unyevu, huliwa na wadudu, na ngoma huwambwa tena bila mtu yeyote kusema kwamba sasa ni ngoma nyingine. Kinachoifanya iwe ile ile ni kwamba inaitwa kwa jina lile, inatunzwa na watu wa mlango ule, na inatoa sauti ile. Kwa kipimo cha Tana, Ngadji iliyowambwa mara kumi na kunguruma mara elfu ni ya asili zaidi kuliko Ngadji ambayo ngozi yake ya mwisho imekauka juu ya rafu kwa zaidi ya miaka mia. Kipimo cha London hulinda ngozi, na kwa kuilinda hukataza jambo pekee ambalo ngozi ile ilitengenezwa ilifanye.

Mtu akitaka ushahidi kwamba sauti ya Tana yaweza kushika thamani bila ghala, anao kila asubuhi ya mkutano wa shule nchini Kenya. Wimbo wa Taifa umejengwa juu ya wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, uliotolewa na mwanamuziki kutoka bonde hilo, Mzee Meza Morowa Galana, na kutiwa maneno mapya na kamati ya watu watano mwaka 1963, akiwamo Graham Hyslop na George Senoga-Zake. Wimbo ule haukuwa na uzito wowote wa kubebwa. Hakuna ofisa aliyeweza kuukamata na kuutia sandukuni. Ulipita kutoka mama hadi mtoto, vijiji vikahama kwa sababu ya mafuriko na wenyewe ukahama navyo, na ulipohitajika kwa kazi kubwa kuliko kumnyamazisha mtoto mchanga ulikutwa mzima. Wazazi waliouimba walikuwa ni kizazi kilichozaliwa baada ya Ngadji kuondoka. Mwaka ule ule wa 1963 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya British Museum, inayowazuia wadhamini kuachia vitu vilivyomo humo isipokuwa kwa sababu chache mno. Kwa hiyo ndani ya miezi kumi na miwili, sauti moja ya Tana iliwekwa midomoni mwa taifa zima, na nyingine ikafungiwa kufuli la pili.

Pingamizi la kwanza dhidi ya madai ya kuirudisha ni la uhifadhi, na silidharau. Bonde la Tana ni mahali pagumu kwa mbao. Mto hupanda kila msimu, na miaka mingine, kama 1961 na 1997, hupanda hadi kuufuta mpaka kati ya shamba na kitanda. Mchwa hawana likizo. Mtu anaweza kusema kwa haki kwamba laiti ile ngoma ingebaki, huenda tusingekuwa na hata kipande cha kukigombania. Nakubali kwamba huenda. Lakini hoja hiyo huhesabu upande mmoja wa daftari. Upande wa pili ni kwamba watu waliokaa kando ya mto huo kwa karne nyingi walikuwa na maarifa ya kuchonga gogo jingine na mamlaka ya kulitawaza, na maarifa na mamlaka hayo ndiyo yaliyokatizwa siku ngoma ilipochukuliwa. Ghala la London liliokoa gogo moja na kuvunja mfululizo wa magogo. Na kama shaka ni juu ya uwezo wa pwani hii kutunza ala ya utawala, basi twende Lamu, mwendo wa saa chache kutoka Garsen kupitia Witu.

Jumba la makumbusho la Lamu lina siwa mbili, ya shaba ya Lamu na ya pembe za ndovu ya Pate, mabaragumu makubwa yaliyonakshiwa kwa mkono ambao fundi yeyote wa leo angeuonea wivu. Zimedumu karne kadhaa katika hewa ya chumvi, katikati ya vita vya Pate, Lamu na Mombasa. Masimulizi ya Pate yanaeleza kwamba bibi mmoja, Mwana Darini, alinyimwa siwa ya sultani kwa ajili ya jando la mwanawe, naye akamwita fundi Mwenyi Bayayi amchongee nyingine ya pembe. Nalipenda simulizi hili kwa sababu linaonyesha waziwazi mahali thamani ilipokuwa. Bibi yule hakutaka kumiliki kitu cha kale. Alitaka siwa ilie juu ya kichwa cha mwanawe mbele ya watu, na kwa kunyimwa sauti alikuwa amenyimwa heshima. Pembe ile ilikuwa mpya kabisa siku ilipopulizwa mara ya kwanza, na ilikuwa na thamani yake yote tayari. Siwa zilitunzwa kwa sababu ziliendelea kutakiwa, harusini na kwenye sherehe za waungwana. Hivyo kutumiwa kulikuwa sehemu ya uhifadhi wake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwangu. Inasemwa kwamba Wapokomo waliosikia Ngadji hawapo tena. Vijiji vya juu vimekuwa vya Kiislamu, vya chini vya Kikristo, na Kijo kama kilivyokuwa hakitarudi. Ni nani basi atakayeisugua, na kwa ibada ipi? Swali hili hujibiwa vibaya na wale wanaojifanya kwamba hakuna kilichobadilika. Kimebadilika. Mchungaji wa Ngao na imamu wa Wenje wana haki ya kutotaka kurudishiwa utawala wa kiapo. Lakini kubadilika kwa imani hakufuti urithi. Masalia ya Kibuka, mungu wa vita wa Buganda, yalipelekwa Cambridge kupitia kwa mmisionari John Roscoe mwanzoni mwa karne iliyopita, na Uganda iliyoyapokea tena wakati wa uhuru mwaka 1962 ilikuwa nchi iliyojaa makanisa na misikiti. Watu waliyataka kwa sababu ni yao na ni historia yao. Na ule wimbo wa kubembeleza umekwisha kutufundisha kwamba sauti inaweza kubadilisha kazi isife. Gasa bado wapo. Ni wazee wanaoitwa ardhi inapogombaniwa na amani inapotafutwa kati ya wakulima na wafugaji wa delta, na tangu vita vya 2012 baina ya pande hizo hakuna anayeweza kusema kwamba bonde hili lina wingi wa alama zinazowafanya watu wa makabila mengi wanyamaze na kusikiliza.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya yote ni ya moyoni, na kwamba soko ni soko: kitu adimu kitabaki na bei hata wenyewe wakikisahau. Jibu la soko lenyewe limo katika habari za vigango, nguzo ambazo Wamijikenda huwachongea waliokufa. Tangu miaka ya 1970 viliuzwa Marekani kama sanaa, na vingi vikaishia kwenye makumbusho kupitia matajiri waliovitoa wapunguziwe kodi. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa mbele ya vigango alivyowasimamishia ndugu zake. Vikaibiwa. Miaka mingi baadaye vikatambuliwa, kimoja Illinois State Museum, kingine katika Chuo Kikuu cha Hampton, na kile cha Illinois kikarudi kijijini mwaka 2007. Jumba la makumbusho la Denver likafuata kwa kuamua kurudisha vigango 30. Picha moja ilitosha kukigeuza kitu cha fahari kuwa mzigo ambao mhifadhi anatafuta namna ya kuutua. Kitu kilichotengwa na wenyewe hubeba hatari hiyo daima, na mkusanyaji anayetaka mali ishike bei anapaswa kuliona hilo kabla ya kutazama ubora wa mchongo. Na vitu vya namna hiyo si vichache: mradi wa pamoja wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wasanii wa Nairobi na Ujerumani umehesabu zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya katika taasisi 30 tu za nje.

Sheria ya 1963 hutajwa kama ukuta, lakini Bunge lililoijenga linaweza kuibomoa. Njia inayopendwa kwa sasa ni mkopo, kama dhahabu ya Waasante iliyopelekwa Ghana mwaka 2024 kwa miaka mitatu. Kumkopesha mtu kitu chake ni jambo gumu kumeza, na sioni kwamba Wapokomo wanadaiwa shukrani kwa pendekezo kama hilo likija. Hata hivyo, kama mkopo ndio utakaomfikisha fundi karibu na ngozi kabla ya wajuzi wa mwisho kuzikwa, ningeupokea na kuendelea kudai, kwa sababu muda ndio unaokula thamani hapa. Mtu wa ukoo wa kifalme wa Wapokomo ameingia katika ghala hilo miaka ya karibuni akaiona Ngadji kwa macho. Ni hatua, lakini ni kinyume cha mila yenyewe: ngoma ambayo watu waliisikia bila kuiona, sasa inaonwa bila kusikika.

Kuna jambo ambalo halihitaji sheria ya Bunge lolote. Huenda ngozi ile kuukuu haitastahimili kusuguliwa tena, na mhifadhi atakuwa na haki ya kusema hivyo. Basi vipimo vyake vichukuliwe: unene wa gogo, upana wa mdomo, aina ya mti, namna ngozi ilivyofungwa, vikabidhiwe Gasa pamoja na picha zote na maandishi yote ya 1908. Miti mikubwa bado ipo kwenye misitu ya kingo juu ya Garsen, na mafundi wanaochonga mitumbwi kwa tezo wapo hadi leo. Wazee ndio watakaoamua kama gogo jipya litaitwa Ngadji au litaitwa jina jingine mpaka mama yake arudi, na nani ataruhusiwa kulowesha mikono.